Ua la Bukini kwenye Mchanga wa Mtwara

Kwenye ardhi ya kichanga ya pwani ya Mtwara, ambako mimea mingi husinyaa kiangazi kikianza, liko ua lisiloacha kuchanua. Petali zake ni tano, za waridi au nyeupe. Asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, ng'ambo ya bahari kutoka mdomo wa Mto Ruvuma, na wataalamu huliita Catharanthus roseus. Mifugo huliepuka kwa sababu ni chungu.

Mmea huo ulifika hadi Jamaika, ambako watu walichemsha majani yake kutibu kisukari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, bahasha yenye majani hayo ilimfikia daktari Clark Noble wa Kanada, naye akampa mdogo wake, Robert, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Panya waliopewa dawa hiyo, sukari yao haikushuka. Kilichopungua ni chembe nyeupe za damu. Robert Noble na mwenzake Charles Beer wakatambua kwamba kinachozuia chembe hizo kuongezeka huenda kikazuia saratani. Mwaka 1958 walitangaza vinblastini, dawa iliyotengwa kwenye majani hayo. Ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Habari hiyo inaihusu pwani hii moja kwa moja.

Mwaka 1958 huohuo, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliandika kuhusu saratani inayovimbisha mataya ya watoto. Mwaka 1961 alisafiri kilomita 16,000 hivi, Tanganyika ikiwemo, akagundua kwamba ugonjwa huo hufuata nyanda zenye joto na mvua, kule kwenye malaria nyingi. Mtwara ni nchi ya namna hiyo. Leo vinkristini ni miongoni mwa dawa zinazotumika kuutibu.

Hata hivyo, ua lenyewe si la kuchemshwa nyumbani. Gramu moja ya vinblastini huhitaji mamia ya kilo za majani makavu, na kipimo kikizidi kinaweza kuua. Waganga walionyesha mmea. Maabara ndiyo iliyotenga kiini chake na kupima dozi. Kazi ya aina hiyo hufanywa nchini na Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili.

Uvimbe huo alioueleza Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili, lakini ukiwahiwa hutibika. Mtoto wa Msimbati au Mikindani anayevimba taya anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.