Mmoja Roma, Mmoja Lamu: Wana wa Bungoma na Elimu ya Dini Ughaibuni

Msomaji wa Pwani hahitaji kuhubiriwa juu ya safari ya kutafuta elimu ya dini. Tumewaona vijana wakifunga virago kwenda Azhar na Madina, na kabla yao wazee wetu walipanda majahazi kwenda Hadharamaut. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kuwa kadhi Unguja, alipita Hadharamaut, Istanbul, Misri na Makka kabla hajakaa kitako kusomesha. Na ile kauli ya kuitafuta elimu hata Uchina, ijapokuwa wanavyuoni wa hadithi wameitia dosari isnadi yake, imekaa midomoni mwetu kana kwamba ilizaliwa Mombasa.

Lakini ni mara chache tunauliza habari za jirani yetu Mkristo wa bara. Yeye naye akitaka kufika kilele cha elimu ya dini yake, ile waiitayo theolojia, ambayo kwetu ingekaribiana na usuludini pamoja na tafsiri na fikihi kidogo, huenda wapi? Husoma nini? Na akirudi, huwa angali mtu wa kwao?

Tuifuate reli. Ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikaenda ikizaa matawi, na mwaka 1926 tawi moja likafika Kitale, mji uliozungukwa na mashamba ya walowezi. Njia kuu ilishika upande wa Bungoma ikaelekea Uganda. Huko, chini ya Mlima Elgon, ndiko kwa Wabukusu. Misafara ya Waswahili ilikwisha kufika Mumias, jirani yao, katika karne ya 19. Kisha wakaja wamisheni: Wakwekari wa Marekani, na mapadri wa Kikatoliki wa Mill Hill. Kijana wa Kibukusu wa miaka ya 1930 aliyetaka kusoma hakuwa na milango mingi ila ya kanisa.

Maurice Otunga alizaliwa Chebukwa, Bungoma, mwaka 1923. Baba yake alikuwa Chifu Sudi Namachanja, na mama yake mmoja katika wake wengi wa chifu huyo. Kijana alibatizwa, akaingia seminari, na kiti cha baba yake kilichokuwa kikimngoja akakikataa. Mwaka 1947 akapelekwa Roma.

Chuo chenyewe ni kile cha Propaganda Fide, kilichoasisiwa na Papa Urban wa Nane mwaka 1627 kwa ajili ya kuwafunza mapadri wa nchi za mbali. Neno hilo lisimtishe msomaji, maana yake pale ni kueneza imani tu. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma. Darasani lugha ilikuwa Kilatini, lugha ambayo leo hapana mama hata mmoja duniani anayembembelezea mtoto, na kwayo Mwafrika, Mhindi na Mchina walisomeshwa pamoja habari za Mungu. Sisi tuliokaririshwa Ajurumiya kabla hatujajua kuomba maji kwa Kiarabu tunaweza kumwonea huruma.

Alipokuwa huko, kwao kukawaka moto.

Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa mcheza mpira hodari aliyeichezea Kenya katika Kombe la Gossage. Wakwekari waliomlea walimtenga kwa sababu alioa mke wa pili. Katika miaka ya 1940 akaanzisha Dini ya Msambwa, na msambwa kwa Wabukusu ni mambo ya wahenga na mizimu yao. Mlima Elgon akaufanya Sayoni yake, akawaambia Wazungu warudi makwao. Mafunzo yake yakaenea hata kwa vibarua wa mashamba ya Kitale, watu waliokuwa wakilima ardhi wasiyoimiliki. Serikali ilikwisha kumweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, ikamtoa. Februari 1948 polisi walifyatua risasi penye umati wa wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11. Dini yake ikapigwa marufuku, na mwenyewe akakamatwa akapelekwa kizuizini. Wapi? Lamu.

Hebu jambo hili tulitazame vizuri. Mwaka ule wa 1948 wana wawili wa nchi moja wako mbali na kwao, na wote wawili ni kwa ajili ya dini. Mmoja yuko Roma anasoma kwa Kilatini. Mwingine yuko Lamu, mji wa Riyadha na maulidi, chini ya ulinzi wa askari. Otunga alipewa upadri huko huko Roma tarehe 3 Oktoba 1950. Masinde hakurudi kwao hadi uhuru ulipokaribia.

Otunga aliporudi alifundisha seminari, na kwa muda akafanya kazi hapa hapa Mombasa, katika ofisi ya mjumbe wa Papa. Mwaka 1960 akawa askofu wa Kisii, na kwa cheo hicho akahudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa tangu 1962 hadi 1965. Mwaka 1973 akawa Kadinali wa kwanza wa Kenya. Wengi wa wasomaji wetu humkumbuka kwa hayo. Mimi hunishughulisha zaidi ile miaka mitatu ya Roma, na kile ambacho vitabu vya Kilatini havikuweza kumwambia juu ya Malakisi.

Kwani swali la Masinde lilibaki pale pale: je, Mbukusu akitaka kumwabudu Mungu, lazima kwanza awavue wazee wake kama anavyovua shati?

Aliyelichukua swali hilo hadi kwenye shahada ya udaktari alikuwa mwanamke. Sista Anne Nasimiyu-Wasike alikuwa mtawa wa shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, lililoanzishwa Uganda mwaka 1923. Nasimiyu kwa Kibukusu ni jina la binti aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Yeye alikwenda Marekani, mji wa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, katika Chuo Kikuu cha Duquesne. Chuo hicho kiliasisiwa mwaka 1878 na mapadri wa Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililojenga misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Dunia ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Maisha ya mwanafunzi wa udaktari wa dini si maisha ya sala na utulivu kama wengi wanavyodhani. Katika vyuo vya Marekani kwanza husoma masomo kwa miaka, kisha hukaa mitihani mizito, na kwa kawaida hutakiwa aonyeshe kuwa anaweza kusoma vitabu vya Kijerumani au Kifaransa. Ndipo aandike tasnifu, naye aitetee mbele ya jopo la maprofesa. Na hapa pana kichekesho kinachouma. Anayeandika juu ya mila za Wabukusu hana budi kumsoma Günter Wagner, Mjerumani aliyewachunguza katika miaka ya 1930 na ambaye kitabu chake kilianza kuchapishwa mwaka 1949. Mtoto wa Bungoma hukaa katika maktaba ya ugenini, theluji inaanguka dirishani, akisoma maneno ya babu zake yaliyopita kwanza katika kalamu ya Mzungu.

Sista Nasimiyu-Wasike alipata udaktari wake mwaka 1986. Tasnifu yake ilihusu Mtaguso ule ule aliokaa Otunga, na tatizo la kuiingiza imani katika utamaduni wa watu. Swali lililopigwa risasi Malakisi lilikuwa sasa limejaa kurasa za tasnifu.

Msomaji wa Lamu asilione jambo hili kuwa geni. Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, alipoleta maulidi ya matari na kuwasomesha wanyonge, walikuwapo waliomlaumu. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika sana dhidi ya mila alizoziona zimeingizwa katika dini. Mpaka uko wapi baina ya dini na ada? Mabishano hayo tunayo majumbani mwetu.

Na kwa kuwa Uchina tumekwisha kuitaja, upo mfano wa karibu na huko. Shoki Coe alizaliwa Taiwan mwaka 1914, kisiwa kikiwa chini ya Wajapani. Alisoma Tokyo, kisha akaenda Cambridge kusoma theolojia, na vita vikamkwamisha Uingereza. Akaishi kwa kuwafundisha Waingereza Kijapani, lugha ya mtawala wa kwao! Alirudi mwaka 1947, akaongoza chuo cha theolojia cha Tainan tangu 1949 hadi 1965. Mwaka 1972 ndiye aliyetoa fikra kwamba elimu ya dini lazima ijibu mazingira ya wanaoipokea, fikra iliyozagaa Asia na Afrika. Lakini kwa siasa zake za kuitetea haki ya Wataiwani kujiamulia mambo yao, alifungiwa mlango wa kwao miaka mingi. Aliruhusiwa kuzuru mwaka 1987, na mwaka uliofuata akafa.

Sista wa Bungoma yeye alirudi. Alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na huko hakuwa mtetezi wa kila cha wahenga. Mwaka 1992 ilichapishwa makala yake ya kuikosoa ndoa ya wake wengi kwa jicho la mwanamke. Msomaji wa Kiislamu ana yake ya kusema katika mlango huo, pamoja na mipaka ya wanne na sharti la uadilifu. Lakini fikiria nani anayesema, na anawasemesha nani: Kadinali wa nchi yake alikuwa mtoto wa nyumba ya wake wengi, na Masinde alifukuzwa kanisani kwa mke wa pili. Wamisheni walikataza kwa amri, Masinde akakataa kwa uasi. Yeye alitaka waulizwe wanawake wenyewe.

Wengine wamefuata. Eliud Wabukala, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Bungoma mwaka 1996 na aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kenya tangu 2009 hadi 2016, alisoma Toronto, Kanada. Wakatoliki wa Kitale nao walipata jimbo lao mwaka 1998. Bungoma ilipata lake mwaka 1987, mwaka mmoja baada ya Sista kumaliza tasnifu yake. Dini ya Msambwa, iliyoruhusiwa mwaka 1964, ilikuwa imepigwa marufuku tena tangu 1968, na Elijah Masinde akafariki mwaka huo huo wa 1987.