Havarti, jibini ya Bi Hanne

Jioni, kioski cha maziwa cha Mlolongo hakikosi wateja. Mtu anashuka matatu kwenye Barabara ya Mombasa, analipia maziwa yake kwenye mashine, chupa inajaa, naye anakwenda kuinjika chai. Maziwa hapa ni ya leo. Yakibaki yatakuwa mala. Kuyafanya yakae miezi ndiyo kazi ya jibini, na katika kazi hiyo watu wa Denmark wamejijengea jina.

Jibini yao mashuhuri ni Havarti: ya maziwa ya ng'ombe, rangi ya siagi, laini, yenye vitundu vingi visivyolingana. Jina limetoka Havarthigård, shamba lililo kaskazini mwa Copenhagen, alikoishi Hanne Nielsen (1829–1903). Mama huyo, mke wa mkulima, alizunguka Ulaya akijifunza kutengeneza jibini, akarudi kwao kuzijaribu mbinu alizoziona. Jibini zake zilifika hadi kwa Mfalme Christian wa Tisa. Hata hivyo, Havarti inayoliwa sasa ilianza kutengenezwa 1921, na jina hilo ikapewa 1952.

Siri yake iko kwenye maji. Maziwa yakishagandishwa, mgando hukatwa vipande vidogo na kukorogwa. Kisha sehemu ya maji yaliyojitenga humwagwa, na maji moto hutiwa mahali pake. Maji hayo huosha sukari ya maziwa, chakula cha bakteria, hivyo jibini haichachuki sana. Mgando haukandamizwi kwa nguvu. Ndiyo maana vitundu hubaki.

Lakini ustadi wa mama mmoja usingetosha kuijengea Denmark jina hilo. Bei ya nafaka ilipoporomoka Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wa Denmark waligeukia ng'ombe. Mwaka 1882, huko Hjedding, walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika: mwenye ng'ombe mmoja na mwenye hamsini, kila mmoja kura moja. Somo hilo lilifika Kenya pia, kwani Denmark ilikuwa miongoni mwa nchi za Nordiki zilizosaidia vyama vyetu vya ushirika kuanzia 1967.

Tangu 2019, Umoja wa Ulaya hauruhusu jibini iuzwe humo kwa jina la Havarti isipokuwa imetengenezwa Denmark. Wamelinda chao, na wamefanya vyema. Nasi tunao watengenezaji, kama Brown's wa Tigoni, Limuru. Ukifika dukani, soma lebo, na uanze na jibini ya maziwa ya Kenya.