Gorongosa: Mwanya Kati ya Vita na Amani

Wengi hudhani wanyamapori huangamia risasi zinaporindima, kisha hupata nafuu siku amani inapotangazwa. Gorongosa, hifadhi ya taifa iliyoko katikati ya Msumbiji, inaonyesha kwamba amani isiyo na ulinzi huua pia. Vita kati ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO vilianza 1977. Wapiganaji walikula nyama ya porini, na pembe za ndovu ziligharimia silaha. Mkataba wa amani wa Roma ulipotiwa saini Oktoba 1992, hifadhi haikuwa na ulinzi wa maana na bunduki zilikuwa zimezagaa mikononi mwa watu wenye njaa. Uwindaji ukaendelea. Tembo walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na nyati waliokuwa maelfu nusura waishe kabisa.

Hasara haikuwa ya idadi pekee. Kila mnyama ana kazi yake porini. Kwenye tambarare zinazofurika kandokando ya Ziwa Urema, nyati, viboko na nyumbu ndio waliokuwa wakifyeka majani na machipukizi. Walipotoweka, kichaka cha miiba kiitwacho kitaalamu Mimosa pigra kilitanda. Watafiti waliozungushia uzio baadhi ya maeneo waligundua kwamba wala majani walipoanza kuongezeka tena, walikitafuna kichaka hicho wakakirudisha nyuma. Pongo nao, ambao kwa kawaida hujificha vichakani, walitoka hadi uwandani, kwa kuwa chui na mbwa mwitu wa kuwatisha hawakuwepo. Kuro ndio waliofaidi kuliko wote: sasa ni zaidi ya 50,000, wengi mno kuliko kabla ya vita. Mtu anayewatazama kutoka kwenye ndege ndogo anaweza kudhani kila kitu kimerudi, kumbe wingi huo wenyewe ni kovu la vita.

Kovu jingine limo ndani ya damu. Wawindaji waliwalenga tembo wenye pembe, na majike wasio na pembe wakasalia kuzaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa majike wa namna hiyo walikuwa chini ya asilimia 20 kabla ya vita, wakafika takriban nusu baada yake. Sifa hiyo hurithiwa kwa jeni ambayo kwa kijusi dume huelekea kuwa mauti, ndiyo maana madume wasio na pembe hawaonekani. Askari akilenga bunduki hawazi vizazi vya tembo, lakini matokeo ya risasi yake yatadumu hata baada ya wajukuu wake.

Kazi ya kuijenga upya Gorongosa ilipata nguvu mwaka 2008, serikali ilipotia saini mkataba wa miaka 20 na taasisi ya Mmarekani Greg Carr. Nyati, nyumbu na pundamilia waliletwa kutoka kwingine. Mwaka 2018 wakaletwa mbwa mwitu 14 kutoka Afrika Kusini. Kwangu mimi, hatua yenye busara zaidi iko mlimani. Misitu ya Mlima Gorongosa hulisha mito inayoshuka hadi Urema, nayo ilikuwa ikifyekwa kwa ajili ya mashamba. Sasa wakulima hupanda kahawa chini ya kivuli cha miti ya asili, hivyo mti uliosimama una faida kwao. Mapigano yaliporejea katika eneo hilo mwaka 2013, kazi ya mlimani iliyumba, lakini haikufa. Tarehe 1 Agosti 2019, Rais Filipe Nyusi na kiongozi wa RENAMO, Ossufo Momade, walitia saini makubaliano ya kusitisha uhasama ndani ya hifadhi hiyo hiyo.

Leo hifadhi za taifa za Virunga na Garamba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika hatari ile ile. Wanaojadili amani huko wasiache hifadhi hadi mwisho: mishahara ya askari wa wanyamapori, ukusanyaji wa silaha na chakula cha wapiganaji wanaorudi nyumbani viandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kabla wino haujakauka.