"NILIAMBIWA" SI "NILIAMBIA": Vitenzi vya Kiingereza Vinavyoweza Kumponza Mfanyakazi

Tuchukue mfano. Ni zamu ya usiku katika kiwanda cha chai. Msimamizi anapita na kumwambia mhudumu wa mashine ya kukaushia aizime. Mhudumu anatii. Asubuhi majani yaliyokuwa yakingoja kukaushwa yamechacha kupita kiasi na hayafai tena. Meneja anataka maelezo kwa maandishi. Mfanyakazi yule anachukua kalamu na kuandika kwa Kiingereza: "I told to stop the machine."

Moyoni mwake ameandika: "Niliambiwa niizime mashine." Lakini karani anayeisoma karatasi ile ofisini anaona kitu kingine: kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoa amri. Lililokosekana ni neno moja dogo, "was". Angeandika "I was told to stop the machine", mambo yangekuwa wazi. Kwa kulisahau, aliyetii amri amegeuka kuwa aliyeitoa, na karatasi imekwisha kuingia katika faili.

Hapa Uganda Kiingereza ndicho lugha ya barua za kazi, mikataba na mahakama. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini barua ya onyo bado huja kwa Kiingereza, na mfanyakazi hutakiwa kujibu kwa Kiingereza hicho hicho. Kwa sababu hiyo inafaa tuvichambue vitenzi vichache vya kusema ambavyo wengi wetu huvichanganya. Si kwa ajili ya kujionyesha kuwa tumesoma, bali kwa ajili ya kulinda kazi zetu.

"SAY" NA "TELL"

Mwenye kujua Kiswahili amekwisha pata nusu ya somo hili. Sisi tunasema "alisema", na tunasema "aliniambia". Hakuna mtu anayesema "msimamizi aliambia kwamba kazi imekwisha". Sikio linakataa, kwa kuwa kuambia lazima kuwe na mtu anayeambiwa: aliniambia, alikuambia, alituambia.

Ndivyo ilivyo kwa Kiingereza. "Say" ni kusema, na "tell" ni kuambia. Baada ya "tell" mtaje anayeambiwa: "He told me that the work was finished." Baada ya "say" usimweke mtu moja kwa moja: "He said that the work was finished." Ukitaka kumtaja mtu pamoja na "say", weka "to" katikati: "He said to me." Kuandika "He said me" ni kosa, na "He told that" ni kosa pia.

Amri nayo hutumia "tell". "Mnyapara aliniambia niende nyumbani" ni "The headman told me to go home." Mfanyakazi akiandika "The headman said I go home", msomaji atabaki akijiuliza kama mnyapara alitoa amri, alitoa ruhusa, au alisimulia tu kwamba mfanyakazi huwa anaenda nyumbani. Katika kesi ya utoro, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Mahali pamoja Kiswahili chetu hutupoteza. Sisi husema "kusema ukweli" na "kusema uongo". Kwa hiyo wengi huandika "I am saying the truth". Waingereza hutumia "tell" hapo, hata kama hakuna mtu aliyetajwa: "I am telling the truth." Hayo ni ya kukariri tu.

"SPEAK" NA "TALK"

"Speak" ni kusema kwa maana ya kutoa sauti au kutumia lugha. "Ninasema Kiswahili" ni "I speak Swahili", wala si "I say Swahili". Hutumika pia kwa mtu aliyesimama mkutanoni kutoa hoja: "Our representative spoke at the meeting."

"Talk" ni kuzungumza, watu wakipokezana maneno. Mazungumzo ya chama na mwajiri juu ya mishahara huitwa "talks". Vitenzi hivi viwili vikifuatwa na mtu huhitaji "to" au "with": "I talked to him", si "I talked him".

Hapa wawakilishi wetu waangalie sana. Tuseme wafanyakazi wa kunyunyizia dawa hawana glavu. Mwakilishi akiandika "We talked about gloves", ameandika tu kwamba kulikuwa na mazungumzo. Hatujui alizungumza na nani, wala kama mwenye dhamana alipata habari. Akiandika "On Monday I told the supervisor that we had no gloves", sasa kuna siku, kuna mtu, na kuna jambo aliloambiwa. Mfanyakazi akija kuunguzwa na dawa, hakuna atakayedai kwamba hakuambiwa. Lililo imara zaidi ni "I reported", yaani nilitoa taarifa.

Kuna mawili mengine ya kuandikia kumbukumbu za mkutano. "Discuss" maana yake tayari ni "kujadili jambo", kwa hiyo andika "We discussed wages", si "We discussed about wages". Na "nieleze" kwa Kiingereza si "explain me" bali ni "explain to me".

KUKATAA KUWILI NA KUKUBALI KUTATU

Sehemu hii ndiyo yenye hatari kubwa, kwa maana kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba maana mbili au tatu za Kiingereza.

Kukataa: mtu aliyepewa kazi asiifanye, "he refused". Mtu aliyeshtakiwa akasema sikufanya, "he denied". Kiswahili sanifu kina neno "kukana" kwa maana hii ya pili, lakini katika mazungumzo ya kila siku tunasema tu "alikataa". Sasa mfanyakazi akishtakiwa kwa wizi wa sukari huandika "I refused" akidhani amejitetea. Hakujitetea. Tena kukataa amri halali ni kosa lenyewe kazini, na neno lake kwa Kiingereza ni hilo hilo "refuse". Anayekana shtaka aandike: "I deny that I took the sugar."

Kukubali: kukubaliana na wazo ni "agree", kupokea unachopewa ni "accept", na kukiri kosa ni "admit". Mfanyakazi anayetaka kusema "nimeikubali barua", yaani ameipokea, akiandika "I admit", amejifunga mwenyewe. Hata "I accept" ina hatari, kwa kuwa msomaji anaweza kudai kwamba umekubali yaliyomo. Ukiletewa barua ya onyo na kutakiwa utie sahihi, andika maneno matatu tu: "Received, not admitted." Maana yake: nimepokea, sikukiri. Kisha tia tarehe.

KUOMBA SI KUDAI

Ndugu zetu waliosoma Kifaransa, kutoka Kongo, Burundi na hata Rwanda, ambako Kiingereza kilianza kushika nafasi ya Kifaransa shuleni kufuatia uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, wana mtego wao. Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba au kuuliza tu, neno la heshima kabisa. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu. Mtu anayeandika "I demand three days leave" kwa sababu amefiwa ataonekana mkaidi, hali yeye ameomba kwa unyenyekevu. Aandike "I ask for" au "I request". Neno "demand" tuliweke akiba kwa siku ambayo chama kinadai kweli.

Nasi tusiosoma Kifaransa tukumbuke: kuuliza ni "ask", na kuomba kitu ni "ask for". "I asked leave" haijakamilika. Sema "I asked for leave".

SHERIA INASEMAJE JUU YA LUGHA?

Baada ya haya yote, mfanyakazi anaweza kuuliza: je, ni lazima nihukumiwe kwa lugha nisiyoimudu? Jibu ni hapana.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kuamua kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anaweza kutazamiwa kuielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu anayemchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Mwajiri lazima asikilize utetezi, na lazima atoe muda wa kutosha wa kuuandaa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inataka maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, naye aweze kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Tanzania imekwenda mbele zaidi: mwaka 2021 ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama.

Juu ya hayo upo Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990. Unasema mtu asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Nafasi ya kujitetea kwa maneno usiyoyaelewa ni nafasi ya jina tu.

Kwa hiyo ukitakiwa kuandika maelezo, fanya hivi:

Kwanza, usiandike pale pale mezani kwa haraka. Omba muda.

Pili, andika kwanza kwa lugha unayoota nayo ndoto, mstari kwa mstari: nani alisema, alimwambia nani, saa ngapi, na nani alisikia.

Tatu, mwite mwakilishi wa chama mtafsiri pamoja. Kila penye "niliambiwa" hakikisha pana "I was told".

Nne, baki na nakala. Kama hakuna mashine ya kunakili, andika mara mbili kwa mkono.

JARIBU MWENYEWE

Tafsiri kwa Kiingereza: (1) Meneja alisema kiwanda kitafungwa. (2) Meneja alituambia turudi Jumatatu. (3) Niliambiwa nipakie gunia. (4) Nakana kwamba nilichelewa.

Majibu: (1) The manager said that the factory would close. (2) The manager told us to come back on Monday. (3) I was told to load the sack. (4) I deny that I was late.

Aliyepata yote manne awafundishe wawili wengine wakati wa chakula cha mchana. Aliyekosea asione haya. Hata hao wanaotuandikia barua walifundishwa na mtu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mwenye kuuliza kabla ya kutia sahihi hatajuta baadaye.

Ndugu wafanyakazi, panga na jembe tunavinoa kabla ya kuingia shambani. Na kalamu tuinoe vivyo hivyo kabla ya kuingia ofisini.