Msimu wa Kwaya Ziwani (Sehemu ya 2): Misa ya Mwana wa Mpala

Sehemu ya kwanza iliishia Mpala, penye mlango wa mto Lufuko, ambako Émile Storms alijenga boma mwaka 1883 na Mapadre Weupe wakalirithi miaka miwili baadaye. Tuliona jinsi nyimbo za Kigregori zilivyoingia katika vijiji vya Watabwa pamoja na katekisimu, na jinsi seminari zilivyolea waimbaji na wasomi hadi Stefano Kaoze akapadrishwa mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa zama hizi. Wasomaji wameuliza, na wana haki: historia hiyo inatuhusu nini sisi tunaotaka kujua kwaya zitaimba nini msimu huu? Leo nitajibu, na nitaanza na msimu wenyewe.

Ulaya msimu wa matamasha hufunguliwa Septemba au Oktoba na kufungwa Juni. Tangazo lake huchapwa mapema, lina tarehe, majina ya wapigaji na bei ya tiketi. Huku kwetu katika mkoa wa Tanganyika hatuna okestra ya simfoni, kwa hiyo mgeni husema hatuna msimu. Amekosea. Msimu upo, na ratiba yake ilichapwa zamani sana: ni kalenda ya kanisa. Unafunguliwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Unapanda hadi usiku wa Noeli, unatulia, unarudi na Jumapili ya Matawi, unafika kileleni mkesha wa Pasaka na kumalizikia Pentekoste. Tiketi hakuna. Anayetaka kusikia vizuri awahi benchi la mbele.

Kalenda hiyo ina amri zake, na maestro asiyezijua huaibika mbele ya padri. Gloria haiimbwi Jumapili za Majilio wala za Kwaresima. Kwa hiyo kwaya inayoandaa misa mpya kwa ajili ya Noeli huifanyia Gloria mazoezi majuma mengi bila kuiimba Jumapili hata moja, kisha hutoa yote usiku mmoja. Kwaresima kinanda huruhusiwa kusindikiza sauti tu, si kupigwa peke yake. Alhamisi Kuu Gloria hurudi kwa kengele, halafu kengele hunyamaza mpaka mkesha wa Pasaka. Jumapili ya Matawi na Ijumaa Kuu huimbwa Mateso kwa kugawana: mmoja msimulizi, mmoja Kristo mwenye sauti nzito, na umati. Bach alipotunga Mateso ya Mathayo, yaliyoimbwa Leipzig Ijumaa Kuu ya mwaka 1727, alikuwa anapanua desturi hiyo hiyo ambayo vijana wetu huifanya bila okestra na bila kujua kwamba wana jirani mkubwa hivyo.

Hapa niseme jambo dogo kuhusu Haleluya ya Handel. Kwaya nyingi huitunza kwa ajili ya Noeli, nami sitagombana na furaha ya watu. Lakini Handel aliiweka mwishoni mwa sehemu ya pili ya Messiah, baada ya mateso na ufufuko, na kazi nzima iliimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, ndani ya Kwaresima. Pahali pake pa haki ni Pasaka. Maestro atakayeihamisha mwaka huu atakuwa na hoja ya kumjibu yeyote atakayelalamika.

Anayetaka kujua muziki huu unavyotengenezwa aende kwenye mazoezi ya jioni, asingoje misa. Maestro anagonga uma wa sauti gotini, anauweka sikioni, anaguna la, anashuka hadi do. Kisha anagawa: besi wanachukua do yao ya chini, tenori sol, alto mi, soprano do ya juu. Nota zimenakiliwa kwa mkono katika madaftari ya shule, herufi za do-re-mi juu ya maneno, nukta zikihesabu mapigo. Anayenakili kwa haraka akaruka nukta moja huwaangusha wenzake wote mstari wa tatu. Alto ndiyo sauti ya mateso: hupewa nota mbili tatu zinazojirudia-rudia, na mwimbaji akisinzia kidogo huteleza akafuata soprano. Wimbo mmoja wa sauti nne huweza kula mwezi mzima wa jioni hizo. Watu wamefika wametoka shamba, soko au ziwani, na kesho alfajiri wanarudi huko huko.

Sasa tuje kwa mtu ambaye makala haya yameandikwa kwa ajili yake. Joseph Kiwele alizaliwa Mpala mwaka 1912. Alipitia malezi ya kimisionari, akaujua muziki wa kanisa kwa ndani, kisha akahamia Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Huko alifundisha muziki na kutunga. Mji huo ulikuwa na kwaya mashuhuri ya vijana iliyoitwa Msalaba wa Shaba, iliyoanzishwa miaka ya 1930 na Mbenedikto Anschaire Lamoral, na Kiwele alikuwa mmoja wa watu waliofanya mji wa shaba uwe pia mji wa kwaya. Alijua kuandika kwa sauti nyingi kama Wazungu waliomfundisha. Hakutaka kuishia hapo. Misa yake, Missa Katanga, imejengwa juu ya maneno yale yale ya Kilatini waliyoyatumia Palestrina, Bach na Mozart: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei. Sauti zake, hata hivyo, ni za huku.

Kwa nini kuzitia sauti za huku katika muziki wa kanisa kulikuwa kugumu? Kiluba ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Mmisionari alipochukua wimbo wa Kijerumani au Kifaransa na kuujaza maneno ya Kiluba, wimbo ulipanda pale neno linaposhuka, na mzee aliyeketi nyuma alisikia neno jingine kabisa, au hakusikia neno lolote. Waimbaji walizoea. Tunazoea mambo mengi. Mtunzi aliyezaliwa ndani ya lugha kama hiyo husikia kosa hilo tangu mstari wa kwanza, na hata akiandika kwa Kilatini, ambacho hakimfungi hivyo, mkono wake huenda kwenye njia za sauti alizozisikia utotoni: kiongozi anatangulia, umati unaitikia, na wa pili haungoji wa kwanza amalize.

Dunia inaijua zaidi misa nyingine ya Katanga, nayo ni Missa Luba. Hiyo ilizaliwa Kamina, kwa kwaya ya wavulana na walimu wao iliyokusanywa na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Iliimbwa ibadani mwezi Machi 1958, na mwaka huo huo kwaya ikapelekwa Ulaya hadi maonyesho makubwa ya Brussels. Sanctus yake ilisikika tena ndani ya filamu ya Kiingereza iitwayo If.... mwaka 1968, na vijana wa London wakainunua katika sahani za santuri. Kazi ile nzuri naipenda: Kyrie yake inatembea katika sauti ya kasala, maombolezo ya Waluba, na mtu aliyewahi kuketi matangani ataitambua mara moja. Haikuandikwa kwanza. Waimbaji waliivumbua papo hapo juu ya mifano waliyoijua, na nota zikaja baadaye. Lakini jina lililobaki kwenye jalada ni la padri, na majina ya waliovumbua sauti zile hayakwenda mbali hivyo. Kiwele yeye aliandika kwa kalamu yake na kutia saini, na bado ndiye asiyejulikana.

Sababu moja, kwa maoni yangu, ni siasa. Katanga ilipojitenga na Kongo Julai 1960, Kiwele aliingia katika serikali ya Moïse Tshombe akiwa waziri wa elimu, na ndiye aliyetunga wimbo wa taifa hilo, La Katangaise. Alifariki mwaka 1961, kabla kujitenga hakujakoma. Baada ya 1963 nani angesimama mbele ya watu Kinshasa au hata Lubumbashi na kusema, leo tunaimba kazi ya mtunzi wa wimbo wa Katanga? Misa ikazikwa pamoja na wimbo wa bendera, ingawa misa haikumkosea mtu. Miaka zaidi ya 60 imepita. Mtu anaweza kuilaani siasa ile na kuiimba Kyrie ile katika wiki moja.

Wala tusisingizie umaskini: Kinshasa wameonyesha kwamba muziki wa namna hii haungoji mali. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani na ni mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la nabii huyo, akiwa na fidla chache za kugawana: mmoja akishapiga dakika zake, anampa mwenzake. Uzi ulipokatika walitumia waya wa breki za baiskeli. Walijifunza wenyewe, wakafika mahali pa kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven na Carmina Burana ya Carl Orff, wapigaji na waimbaji wapatao 200, wengi wao mchana wakiwa mafundi na wachuuzi. Filamu ya Kijerumani ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, iliwatangaza duniani, na mwaka 2014 walipiga Uingereza. Kwetu habari hiyo ina mzizi wa karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa: Kimbangu mwenyewe alifungwa Elisabethville miaka 30 na kufia humo gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Wakimbangu wana msimu wao pia. Huanza kwa kumbukumbu hiyo ya Oktoba, hupita tarehe 6 Aprili, siku ya kuanza kazi ya nabii mwaka 1921, na kufika Noeli yao ya 25 Mei. Mwenye hamu ya tarumbeta na filimbi aziweke tarehe hizo karibu na zile za Majilio, na hatakosa la kusikia kwa miezi minane.

Kuna kikwazo ambacho Kinshasa wanakijua kama sisi, nacho ni umeme. Jina la Piana-Mwanga katika vitabu vya mkoa huu ni jina la umeme: maporomoko ya Luvua, na kituo kilichojengwa na kampuni ya Géomines miaka ya 1930 kulisha migodi ya bati ya Manono. Vita vilikinyamazisha kwa miaka mingi. Waliozungumza habari za kukifufua miaka ya karibuni walizungumza kwanza habari za lithiamu. Kinanda cha umeme bila umeme ni meza. Ndiyo maana nashauri maestro wasiipange misa ya Noeli juu ya sinteza. Missa Luba inasimama kwa sauti na ngoma tu, na huko nyuma Palestrina hakuhitaji zaidi ya koo za watu.

Msimu huu, basi, nina ombi moja kwa viongozi wa kwaya za Kalemie, Moba, Manono na Mpala yenyewe. Wekeni kipande kimoja cha Kiwele katika ratiba, hata Kyrie peke yake, kwa kuwa Kyrie inaruhusiwa Majilio na Kwaresima vilevile. Tatizo la kwanza mtakalolikuta ni nota. Zilizopo zimetawanyika kwa walioimba zamani, katika masanduku ya walimu wastaafu na watawa, na karatasi ya miaka ya 1950 haipendani na unyevu wa ziwa. Mwenye nakala, hata ya sauti moja tu, aipeleke parokiani ikapigwe picha kwa simu, pande zote mbili, jina la mtunzi likionekana, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Sehemu ya tatu itaeleza jinsi ya kuunganisha sauti zilizopotea ukipata mbili kati ya nne.