AVOKADO NA UGONJWA WA MOYO: NI MAFUTA GANI YA KUPUNGUZA?

Wakulima wengi katika skimu zetu wamepanda avokado, na msimu ukifika magari ya wanunuzi huja mpaka mlangoni. Lakini pia wako wengi wanaoambiwa hospitalini kwamba moyo wao una shida, au kwamba damu yao ina mafuta mengi, nao hushauriwa wapunguze mafuta katika chakula. Kwa kuwa avokado ni tunda lenye mafuta, swali huja lenyewe: je, mtu kama huyo aiache?

Siku moja mzee mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu. Alitaka mnunuzi wa kuchukua avokado zake zote, hata za ile miti miwili iliyo karibu na jiko. Nikamwuliza, "Na nyumbani mtabaki na nini, Mzee?" Akanijibu, "Mwalimu, mimi nimekatazwa." Akatoa karatasi aliyoandikiwa na mwanawe walipotoka hospitali. Ilisema: "Punguza mafuta yasiyoshiba." Nilipomwuliza mboga hupikwa kwa mafuta gani, alisema ni yale meupe ya kopo, vijiko viwili au vitatu, kama siku zote.

Niliona kwamba huenda karatasi ile ilikuwa na kosa dogo la maandishi ambalo lingeweza kumletea madhara makubwa. Basi yafaa sote tulielewe jambo hili.

AINA MBILI ZA MAFUTA

Wataalamu wa chakula hugawanya mafuta katika mafungu mawili makubwa: mafuta yaliyoshiba na mafuta yasiyoshiba. Maneno haya hayahusu kushiba kwa tumbo. Mafuta yamejengwa kwa minyororo ya kaboni, na juu ya minyororo hiyo hushikamana haidrojeni. Mnyororo ukijaa haidrojeni hata pasiwe na nafasi tena, mafuta hayo huitwa yaliyoshiba. Nafasi ikibaki, huitwa yasiyoshiba.

Fikirini kuni. Kuni zilizonyooka hupangika vizuri zikawa mzigo mmoja mgumu. Ndivyo ilivyo minyororo iliyoshiba, na ndiyo sababu mafuta hayo huganda. Minyororo isiyoshiba imepinda. Kuni zilizopinda hazipangiki, na mafuta ya namna hiyo hubaki majimaji.

Mnaweza kuona tofauti hii kwa macho yenu. Acheni sufuria ya supu ya mbuzi usiku kucha, na kando yake kikombe cha mafuta ya alizeti. Asubuhi mtakuta juu ya supu pameganda utando mweupe, lakini mafuta ya alizeti bado yanamiminika. Mafuta ya nyama, siagi, samli, malai ya maziwa, mafuta ya nazi na mengi ya yale mafuta meupe ya kupikia yana sehemu kubwa iliyoshiba. Mafuta ya alizeti, ya karanga, ya samaki na ya avokado sehemu yake kubwa haikushiba.

Mafuta yaliyoshiba yakizidi mwilini huongeza ile kolesteroli mbaya katika damu. Hiyo hujishika katika kuta za mishipa, na mishipa huzidi kuwa myembamba mwaka baada ya mwaka, mpaka siku damu inaposhindwa kufika kwenye moyo au ubongo. Mtu akiyatoa mafuta hayo na mahali pake akaweka yasiyoshiba, kolesteroli hiyo hupungua. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mafuta yaliyoshiba yasizidi sehemu moja katika kila sehemu kumi za nguvu zitokazo katika chakula. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, hiyo ni kama gramu 22.

AVOKADO INA NINI?

Nyama ya avokado yenye uzito wa gramu 100, ambayo ni kama nusu ya tunda kubwa, ina mafuta yapatayo gramu 15. Katika hizo, zilizoshiba ni kama gramu 2 tu. Nyingi ya zilizobaki ni za aina ile ile iliyo katika mafuta ya zeituni. Haina kolesteroli, na ina nyuzinyuzi kama gramu 7, ambazo husaidia tumbo na damu pia.

Sasa pimeni na siagi. Kijiko kikubwa kimoja cha siagi kina gramu 7 hivi za mafuta yaliyoshiba. Kijiko kama hicho cha mafuta ya nazi kina zaidi ya gramu 10. Yule mzee alikuwa anaikimbia nusu ya avokado huku akivikaribisha vijiko vitatu vya mafuta meupe.

JIBU NI HILI

Mtu aliyeambiwa apunguze mafuta yaliyoshiba aweza kula avokado. Lakini kama kweli chakula kinatakiwa kiwe na mafuta yasiyoshiba kidogo, avokado haifai, wala alizeti, wala karanga. Shauri la namna hiyo si la kawaida kwa ugonjwa wa moyo. Aliyeandikiwa hivyo na arudi kwa daktari akaulize tena.

Wako pia wanaoambiwa wapunguze mafuta ya kila aina, kama wale wenye ugonjwa wa nyongo au kongosho. Hao wamwulize daktari kipimo chao. Na mwenye ugonjwa wa figo aulize kabla ya kula, kwa maana avokado ina potasiamu nyingi.

BADALA, SI NYONGEZA

Hapa ndipo wengi hukosea. Avokado ni nzuri, lakini si dawa. Gramu 100 zina kilokalori kama 160, na tunda zima kubwa laweza kupita 300. Ukiendelea kukaanga kama zamani, kisha ukaongeza avokado juu yake, utanenepa tu. Ipakeni kwenye mkate mahali pa siagi. Chemsheni githeri bila kuikaanga, mweke vipande vya avokado juu yake. Mboga zipikwe kwa kijiko kimoja cha mafuta ya majimaji.

Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu zaidi ya 110,000 waliofuatwa kwa miaka kama 30. Waliokula nusu ya avokado mara mbili au zaidi kwa juma walipatwa na magonjwa ya moyo na mishipa kidogo kuliko wasioila, tofauti ya kama 16 kwa mia. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba avokado peke yake ndiyo iliyowakinga, lakini unapatana na yale tuliyoyaeleza juu ya mafuta.

Jambo moja tena: tunda changa halijajenga mafuta yake. Likichumwa mapema hunywea na kuwa kama mpira, na halina ladha. Chumeni machache kwanza, myaweke ndani. Yakilainika vizuri bila kunywea, mengine yako tayari.

Mimi ni karani, si daktari, kwa hiyo nilimwomba yule mzee arudi hospitali na karatasi yake. Baada ya majuma mawili alipita tena ofisini. Daktari alikuwa amesema "yaliyoshiba", na kijana akaandika "yasiyoshiba". Sasa shamba lote huvunwa kwa ajili ya mnunuzi, ila ile miti miwili ya karibu na jiko. Hiyo ni ya nyumbani.

Nanyi wakulima, uzeni avokado zenu mpate fedha, lakini msiuze zote kisha mkanunue mafuta ya kopo kwa fedha hizo hizo.