Kwa nini sifongo akikatwa hafi

Ukimkata samaki vipande viwili, hupati samaki wawili. Ukimkata sifongo, mara nyingi unapata sifongo wawili. Na ndiyo, sifongo ni mnyama, ingawa hana ubongo, hana moyo, hana hata tumbo.

Mwaka 1907, Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sifongo kupitia kitambaa chenye matundu madogo sana, zikabaki seli zilizotawanyika majini. Ungedhani habari yake imeisha. Wapi! Seli zilitambaa, zikashikana, kisha zikajijenga upya kuwa sifongo.

Inawezekanaje? Baadhi ya seli za sifongo hazijafungwa kwenye kazi moja maisha yote. Zinaweza kugeuka kuwa aina nyingine inayohitajika. Nyingine zina mjeledi mdogo unaosukuma maji, na hapo ndipo chakula kinanaswa, bakteria wakiwemo.

Hii siyo ya maabara tu. Jambiani, Zanzibar, baadhi ya wanawake waliokuwa wakilima mwani, zao linaloumia maji yakipata joto sana, sasa wanalima sifongo. Hakuna mbegu ya kununua: kipande kinakatwa, kinafungwa kwenye kamba baharini, kinakua, kinauzwa cha kuogea.

Lakini anayeishi kwa kuchuja maji hachagui maji. Tunachomwaga baharini, yaani madini mazito na chembechembe za plastiki, kinampitia mwilini. Kwa hiyo shamba la sifongo linaanza na maji safi, kamba baadaye.